Kutoa tyubu za ofisini na kuweka LED: piga hesabu kwanza, ndipo upande ngazi

Kila bili ya umeme ikipanda, swali linarudi lile lile: tukitoa hizi tyubu tukaweka LED, tutaona tofauti au tutakuwa tumetupa hela? Likijibiwa, mengine yanafuata kwa foleni. Choki, kile kifaa kizito kinachodhibiti umeme wa tyubu, inatoka au inabaki? Na stata, kile kikopo kidogo cha kuiwashia tyubu, je? Mbona nyingine zinabaki na mwanga hafifu hata zikizimwa? Mwongozo huu ni wa mtu anayesimamia ofisi, duka au darasa lenye taa ndefu za dari, na hajawahi kufanya kazi hii.

Jibu la haraka ni hili. Ofisi inayowasha taa kutwa nzima na bado ina choki nzito za zamani, karibu kila mara inafaidika. Stoo inayofunguliwa mara moja kwa siku haifaidiki, hata fundi akupe bei ya kirafiki. Katikati ya hizo mbili ndiko watu wanakoumia, kwa sababu wanaamua kwa kusoma kasha la taa badala ya kupiga hesabu. Mimi nina kipimo kimoja tu: gharama yote irudi kabla dhamana ya taa mpya haijaisha. Isiporudi, acha tyubu zilizopo zife zenyewe.

Kusubiri nako kuna mwisho wake. Mwezi wa Novemba 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya nje ya tyubu hizi: zile ambazo poda iliyopakwa ndani ya kioo ni ya kizamani ifikapo 2026, na zile za poda bora ifikapo 2027. Umoja wa Ulaya ulishafunga soko lake kwa tyubu mpya za T8 na T5 (ni majina ya unene, utayakuta Hatua ya 1) mwezi wa Agosti 2023. Kwa hiyo swali si kama utahamia LED, ila ni lini, na uanze na chumba kipi.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Bili ya umeme ya karibuni. Tunataka bei ya yuniti moja pamoja na kodi na makato yake yote.
- Karatasi ya kuhesabia taa, chumba kwa chumba.
- Simu yenye kamera.
- Kipima mwanga. Huna? Programu ya simu itafaa kulinganisha kabla na baada, mradi utumie simu ile ile mahali pale pale. Usiiamini kama kipimo kamili.
- Multimita au testa ya kuaminika, bisibisi, koleo la kukatia, konekta za waya, glavu na miwani ya kukinga macho.
- Ngazi ya mbao au ya fibaglasi. Ya alumini iache stoo.
- Makasha matupu ya tyubu mpya, kwa ajili ya kuwekea zile kuukuu.
- Fundi umeme. Katika nchi nyingi, kugusa waya za jengo la ofisi ni kazi ya mwenye leseni, na bima ya jengo inaweza kukukana kama kazi ilifanywa na mtu mwingine. Hatua ya 1 hadi ya 6 unaweza kuzifanya mwenyewe. Ya 7 na ya 8 muachie yeye, wewe simama chini uangalie.

Hatua ya 1: Jua una taa gani

Anza na unene. Tyubu yenye kipenyo cha milimita 38 ni T12, kongwe kuliko zote. Ya milimita 26 ni T8, ndiyo iliyojaa maofisini. Nyembamba ya milimita 16 ni T5.

Kisha soma maandishi yaliyochapwa karibu na kichwa cha tyubu, pale kioo kinapokuwa cheusi inapozeeka. Utakuta kitu kama 36W/840. Ile 36 ni wati. Katika 840, tarakimu ya 8 inamaanisha taa inaonyesha rangi za vitu kwa kiwango cha 80 na kitu kati ya 100, na 40 ni rangi ya mwanga wenyewe, yaani kelvini 4000. Ukikuta 865, ni ile nyeupe inayoelekea ubuluu, kelvini 6500. Andika namba hii, utaihitaji dukani.

Sasa tafuta kinachoiendesha. Kama pembeni ya fitingi kuna kikopo kidogo cha plastiki kinachotoka kwa kuzungushwa, hiyo ni stata, na ndani kuna choki ya chuma na shaba. Kama hakuna stata na taa inawaka mara moja bila kupepesa, mara nyingi ni balasti ya elektroniki, kifaa kinachofanya kazi ya choki na stata kwa pamoja. Hakikisha kwa kamera ya simu: elekeza kwenye taa ukiwa umeweka video ya mwendo wa polepole. Michirizi myeusi inayopita kwenye picha ni dalili ya choki. Picha iliyotulia ni elektroniki.

Usiruke hatua hii kwa kudhani fitingi zote zinafanana. Jengo lililokwishakaa miaka huwa limefanyiwa matengenezo na mafundi tofauti, na safu moja inaweza kuwa na choki huku ya pili yake ina elektroniki.

Hatua ya 2: Tafuta wati halisi

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia. Tyubu imeandikwa 36, mtu anaandika 36. Lakini choki nayo inakula, karibu wati 9, kwa hiyo tyubu moja ya wati 36 yenye choki inavuta kama 45 kutoka kwenye mita. Ikiwa na balasti ya elektroniki, tyubu hiyo hiyo na balasti yake huvuta kama 36 kwa pamoja, maana balasti huiendesha tyubu chini kidogo ya wati zilizoandikwa.

Utaona pia lebo ya choki imeandikwa 0.43 A. Usizidishe hiyo kwa volti 230 ukadhani umepata wati. Utapata karibu 99, na si kweli: choki huvuta mkondo mwingi ambao haugeuki kuwa kazi, na mita ya kawaida ya yuniti haihesabu sehemu hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, klampu ya fundi inayosoma ampea peke yake itakudanganya.

Njia ya uhakika ni kutumia mita yenyewe. Jioni watu wakishaondoka, zima kila kitu kinachotumia mita hiyo, kisha washa safu moja ya taa. Mita nyingi za kidijitali zina kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni pameandikwa idadi ya mimweko kwa yuniti moja, mara nyingi 1000. Kwa mita ya namna hiyo, gawa 3600 kwa sekunde zinazopita kati ya mweko mmoja na unaofuata. Jibu ni wati. Umewasha fitingi 10 na kitaa kinamweka kila baada ya sekunde 4? Hiyo ni 3600 gawanya kwa 4, sawa na wati 900, yaani 90 kwa kila fitingi. Ndivyo inavyotarajiwa kwa fitingi ya tyubu mbili za 36 zenye choki. Pima mimweko 10 mfululizo kisha ugawe, upunguze kosa la mkono kwenye saa.

Mita ikiwa imeandikwa namba nyingine, tuseme 1600, fanya hesabu ile ile kisha zidisha kwa 1000 na ugawe kwa 1600.

Hatua ya 3: Hesabu yuniti utakazookoa kwa mwaka

Toa wati mpya kutoka wati za zamani, zidisha kwa idadi ya fitingi, zidisha kwa saa za kuwaka kwa mwaka, gawa kwa 1000.

Tuchukue ofisi yenye fitingi 60 za tyubu mbili mbili, inayowasha saa 10 kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hiyo ni saa 2,500. LED mbili za wati 16 zinafanya 32 kwa fitingi.

- Ilikuwa na choki: 90 toa 32 ni 58. Mara 60, mara 2,500, gawanya kwa 1000: yuniti 8,700 kwa mwaka.
- Ilikuwa na balasti ya elektroniki: 72 toa 32 ni 40. Yuniti 6,000.
- Ilikuwa na T5 mbili za wati 28, zinazovuta kama 62 pamoja na balasti: 62 toa 32 ni 30. Yuniti 4,500.

Jengo ni lile lile, saa zile zile, lakini akiba ya wa tatu ni karibu nusu ya yule wa kwanza. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani aliyepunguza bili yake hauna maana kwako mpaka ujue alikuwa na nini darini.

Sasa chukua stoo yenye fitingi moja ya namna hiyo, inayowashwa saa moja kwa siku. Wati 58 mara saa 250: yuniti 14.5 kwa mwaka mzima. Funga mlango, nenda chumba kingine.

Kama ofisi ina kiyoyozi, kuna nyongeza ndogo. Kila wati ya taa huishia kuwa joto chumbani, na kiyoyozi cha kawaida hutumia takriban wati moja kutoa wati tatu za joto nje. Ofisi yetu ya mfano imepunguza wati 3,480 za taa, kwa hiyo kiyoyozi nacho kitapumzika kama wati 1,160 kila kinapofanya kazi ya kupoza. Mimi huichukulia kama bakshishi na siiingizi kwenye hesabu kuu, maana haipo mwaka mzima kila mahali.

Hatua ya 4: Geuza gharama yote iwe yuniti

Jumlisha kila kitu: taa, konekta, ufundi, usafiri, kukodi ngazi ndefu, kutupa tyubu kuukuu. Watu husahau ufundi, na kwa fitingi zilizo juu sana ufundi unaweza kuzidi bei ya taa yenyewe. Kisha gawa jumla hiyo kwa bei ya yuniti moja kwenye bili yako. Umepata idadi ya yuniti ambazo taa zinapaswa kuokoa ili zijilipe.

Tuseme jumla yako ni sawa na bei ya yuniti 20,000. Mwenye choki anarudisha gharama kwa miaka 2.3. Mwenye elektroniki, 3.3. Mwenye T5, 4.4.

Sasa linganisha na dhamana. Ya miaka 3: ni mwenye choki peke yake anayepita. Ya miaka 5: wote watatu wanapita, japo wa mwisho kwa kubana. Taa ya bei nafuu kidogo yenye dhamana ya mwaka mmoja haimfai hata mmoja wao.

Utaambiwa taa ina maisha ya saa 50,000. Kwa saa 2,500 kwa mwaka hiyo ni miaka 20, na namba hiyo kwa kawaida inahusu vile vidonge vya LED kufifia hadi asilimia 70 ya mwanga wa mwanzo. Kinachokufa kwanza mara nyingi ni draiva, yaani saketi ya umeme iliyo ndani ya tyubu, hasa ikikaa kwenye fitingi iliyofungwa na yenye joto. Kwenye hesabu weka miaka ya dhamana, si saa za kwenye kasha.

Hatua ya 5: Chagua njia

Kuna njia tatu, na hazilingani.

*Kuchomeka tu.* Unatoa tyubu, unaweka LED inayokubali choki, na unabadilisha stata kwa ile inayokuja nayo. Hiyo "stata" mpya kwa kweli ni fyuzi. Ni haraka, choki inabaki na hula wati moja au mbili. Kwa fitingi za choki ni njia nzuri kabisa. Kwa balasti za elektroniki siipendi: lazima balasti iwe kwenye orodha ya zile ambazo mtengenezaji wa LED amezipima, na balasti ikifa, LED nzima inazima nayo. Umenunua taa mpya ukaitegemeza kwenye kifaa cha zamani.

*Kuruka balasti.* Fundi anatoa choki au balasti na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye holda, pale pini za tyubu zinapochomekwa. Hakuna kinachobaki cha kufa isipokuwa LED yenyewe. Kwa fitingi ambazo bodi yake bado ni nzima, hii ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi.

*Kubadilisha fitingi nzima.* Holda zinamomonyoka ukizigusa, kioo cha plastiki kimekuwa cha njano, kutu imeingia: usipoteze muda kuzitia viraka. Ni hivyo hivyo kwa zile fitingi za mraba za sentimita 60 kwa 60 zenye tyubu nne za wati 18. Zikiwa na choki zinavuta kama wati 90, na paneli moja ya LED ya wati 36 inakaa kwenye uwazi ule ule wa dari. Kubadilisha tyubu nne, holda nane na stata nne moja moja ni kazi ya kujitakia.

Hatua ya 6: Nunua chache, ujaribu chumba kimoja

Unaponunua, angalia lumeni kabla ya wati, kwa sababu lumeni ndizo mwanga. T8 mpya ya 36W/840 hutoa kama lumeni 3,350, na LED ya wati 16 hutoa kati ya 1,600 na 2,100 hivi. Inaonekana kama umepoteza nusu. Ila tyubu ya gesi humwaga mwanga pande zote, na sehemu kubwa yake hupotelea ndani ya fitingi, wakati LED huelekeza karibu wote chini. Kwenye fitingi chafu ya zamani hutaona upungufu. Kwenye fitingi yenye vioo vizuri vya kurudisha mwanga, unaweza kuuona, na ndiyo sababu ya kujaribu.

Rangi: kelvini 4000 kwa ofisi. Wauzaji wanapenda kukupa 6500 kwa sababu huonekana kali zaidi dukani; baada ya wiki watu wataanza kulalamika. Uonyeshaji rangi usiwe chini ya 80. Uliza kama umeme unaingia upande mmoja wa tyubu au pande zote mbili, na usichanganye aina hizo kwenye jengo moja.

Weka LED kwenye chumba kimoja; kama njia uliyochagua inagusa waya, fundi aifanye kama ilivyo kwenye Hatua ya 7. Kabla na baada, pima mwanga juu ya meza, mahali pale pale, usiku ili jua lisiingilie. Kiwango cha Ulaya cha taa za maofisini, EN 12464-1, kinataka luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu) juu ya meza ya kuandikia na kusomea. Kwenye korido 100 zinatosha. Ukikuta meza zina 700, una nafasi ya kupunguza idadi ya taa, na hiyo ni akiba isiyogharimu chochote.

Pima pia katikati ya fitingi na fitingi, na uangalie kuta na dari. LED ikishusha mwanga wote chini, dari hubaki na giza na chumba huonekana kama pango ingawa meza zina mwanga wa kutosha. Rekodi taa kwa video ya polepole: michirizi mikali maana yake draiva ni ya rahisi na mwanga unapepesa kuliko jicho linavyoweza kuona. Wenye kipandauso wataanza kuhisi kabla yako. Acha chumba hicho kifanye kazi wiki mbili tatu ndipo uagize nyingine.

Hatua ya 7: Kuruka balasti, fitingi kwa fitingi

1. Zima kwenye breka, si kwenye swichi ya ukutani. Bandika karatasi kwenye boksi la breka kwamba kuna mtu juu. Pima kwa multimita kwenye fitingi yenyewe kabla ya kugusa. Swichi iliyofungwa vibaya hukata nyutro na kuacha waya wa moto ukiwa hai, na hutajua kwa kutazama.
2. Toa tyubu kwa kuizungusha robo mzunguko, uikabidhi kwa mtu aliye chini. Usiiegemeze ukutani.
3. Fungua kifuniko cha waya. Piga picha. Kata choki, stata na kapasita, zote tatu. Kapasita inaweza kuwa bado imehifadhi umeme, kwa hiyo fundi aimalize kwanza. Ikiachwa ndani itaendelea kuvuta mkondo bure.
4. Angalia mchoro uliobandikwa kwenye tyubu mpya, usitumie mazoea. Kwa tyubu ya kuingiza pande mbili, waya wa moto huenda holda ya upande mmoja na nyutro upande wa pili. Kwa ile ya upande mmoja, moto na nyutro huingia kwenye matundu mawili ya holda moja, na holda ya pili hushikilia tu.
5. Kwa tyubu ya upande mmoja, pima holda kwanza. Gusa matundu yake mawili kwa multimita iliyo kwenye mlio. Ikilia, matundu yameunganishwa kwa ndani, na ukiingiza moto na nyutro hapo umetengeneza shoti. Badilisha holda.
6. Waya wa ethi ubaki umefungwa kwenye bodi ya chuma. Unganisha kwa konekta. Kusokota waya na kuzungushia tepu si kazi.
7. Futa vumbi ndani ya fitingi na kifuniko chake. Ni kitambaa chenye unyevu tu, lakini kwenye fitingi isiyosafishwa miaka mingi kinarudisha mwanga mwingi kuliko unavyotarajia.
8. Ingiza LED, geuza uso wake utazame chini, washa breka, jaribu.
9. Bandika lebo ndani ya fitingi: "Balasti imetolewa. LED tu. Umeme upande mmoja," au pande mbili, kadiri ilivyo. Usiiache kwa sababu ya haraka. Miaka miwili mbele, mtu mwingine atapanda na tyubu ya kawaida aliyoikuta stoo, na lebo ndiyo itakayomwokoa.

Hatua ya 8: Taa za dharura na vitambua mwendo

Fitingi zenye betri ya kuwaka umeme ukikatika zitenge. Kifaa chake cha zamani kilitengenezwa kuendesha tyubu ya gesi na kwa kawaida hakitaelewana na LED. Inahitaji kifaa chake cha dharura cha LED, au fitingi mpya. Vitambua mwendo navyo vina kiwango cha chini cha wati. LED chache zikiwa chini ya kiwango hicho zitacheza. Hili ni la kusoma kwenye kifaa chenyewe, halina kanuni moja.

Mambo yakienda kombo

*Haiwaki.* Kama umechomeka tu, angalia kwanza kama stata ya zamani bado ipo. Pili, kwenye fitingi za tyubu fupi, mbili huwa zimefungwa mfululizo kwenye choki moja, na si kila LED inakubali mpango huo. Tatu, pini hazijakaa vizuri kwenye holda.

*Inapepesa.* Stata ya zamani tena, balasti ya elektroniki isiyopatana nayo, au kuna dima (swichi ya kupunguza mwanga) kwenye saketi. Tyubu nyingi za LED hazikubali dima.

*Breka inaruka ukiwasha zote kwa pamoja.* Draiva nyingi zikiwashwa mara moja huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi mno, ingawa zikishawaka zinatumia kidogo. Gawa taa kwenye swichi zaidi, au fundi aweke breka ya aina C badala ya B yenye ampea zile zile. Usiongeze ampea; breka ipo kulinda waya.

*Imezimwa lakini ina mwanga hafifu.* Swichi ina kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo, au inakata nyutro badala ya moto. La kwanza ni kero, la pili ni hatari na lirekebishwe siku hiyo hiyo.

*Watu wanalalamika macho yanauma.* Kama vidonge vya LED vinaonekana kimoja kimoja, rudisha kifuniko cheupe cha rangi ya maziwa au nunua tyubu ya kioo cheupe. Kwa paneli, tafuta iliyoandikwa UGR (kipimo cha mng'ao unaosumbua macho) chini ya 19.

*Bili haikushuka.* Rudia kipimo cha kitaa cha mita. Kama safu ya fitingi 10 sasa inamweka kila baada ya sekunde 11 hivi, taa zinafanya ulichozinunulia: 3600 kwa 11 ni kama wati 327. Basi sehemu kubwa ya bili ni kitu kingine, mara nyingi kiyoyozi, na taa hazikuwa adui mkubwa.

Tyubu kuukuu

Kila moja ina miligramu chache za zebaki, kwa hiyo usizivunje ili zienee kwenye pipa. Zirudishe kwenye makasha ya zile mpya na uulize muuzaji au mamlaka ya taka kama wanazipokea. Ikivunjika moja, watoe watu, fungua madirisha dakika 10 hadi 15, okota vipande kwa karatasi ngumu, malizia kwa tepu ya kunata, weka vyote kwenye chombo chenye kifuniko. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi wala ufagio, vinasambaza.

Choki ni chuma na shaba, na wanunuzi wa vyuma chakavu huzitaka. Isipokuwa zile za kabla ya miaka ya 1980, pamoja na kapasita zake: nyingine zina mafuta ya PCB, ambayo ni sumu. Ukiona choki kongwe inavuja kitu kizito kama lami au mafuta, usiiguse kwa mkono mtupu, ifunge kwenye mfuko mzito na uitenge na nyingine hadi apatikane mtu wa taka hatarishi.